Usiulize Wamepata Ngapi, Uliza Wamebaki Wangapi

Kila Januari ikibisha hodi swali ni lile lile, uwe umesimama kwenye foleni ya feri pale Likoni au umekaa kwa fundi wa sare Ukunda: "Shule gani nzuri?" Na jibu nalo ni lile lile. Mtu atakutajia shule yenye lango lililopakwa rangi, basi la manjano, na ubao wa matokeo ulioning'inizwa juu hivi kwamba hata mpita njia asiye na mtoto atausoma apende asipende.

Jirani yangu wa zamani hakungoja Januari. Alihama Changamwe kwenda kuishi Ukunda mumewe alipopata kazi ya hoteli Diani, na mwezi wa Septemba 2025 alinipigia simu. Bintiye alikuwa Gredi ya 6 na mwaka uliofuata angeingia sekondari msingi.

"Dada, hapa kila mtu ana shule yake," akaniambia. "Mmoja ataka nikakope nimpeleke ya kulipia. Mwingine asema nimrudishe Mombasa kwa bibi yake. Ya serikali iko hapa hapa, mwendo wa robo saa kwa miguu, lakini sijui kama ni shule au ni kivuli cha kuketishia watoto."

Nikamwambia atulie, aombe ruhusa ya asubuhi moja kazini, nami nitakuja twende tukaangalie. Msichana wa miaka 12 si mzigo wa kuhamisha hamisha, leo kwa mama, kesho kwa bibi. Na mkopo wa karo nao una tabia ya kukaa nyumbani kuliko hata mtoto mwenyewe.

Kabla hatujaondoka, hebu tukumbushane tulikotoka, maana mazoea yana taabu. Kwa miaka mingi mzazi wa Kenya alipima shule ya msingi kwa kitu kimoja tu: wastani wa alama za KCPE. Matokeo yalipotangazwa, magazeti yalijaa picha za watoto waliobebwa mabegani, na shule zikapangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mkia. Serikali ilipopiga marufuku upangaji huo mwaka 2014, wazazi wengi walilalama. Walisema wamezimiwa taa.

Lakini ile taa ilikuwa ikimulika nini? Aliyesoma zamani hizo anajua. Mtoto dhaifu wa darasa la saba alikaririshwa, mara nyingine mara mbili, ili asije akashusha wastani. Mwingine alisajiliwa kufanyia mtihani shule jirani, jina lake likawa doa la wengine. Mwingine aliambiwa tu na mwalimu, mbele ya wenziwe, kwamba baba yake anamhitaji shambani. Wastani ukapanda, wazazi wakapiga vigelegele, na hakuna aliyeuliza wale wengine walikwenda wapi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kukaririsha mtoto darasa. Tangu lini sheria ikamzuia mwenye kutaka sifa?

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Mwezi wa Januari mwaka huo huo Gredi ya 7 ya kwanza ilifunguliwa ndani ya uzio wa shule za msingi, kama ilivyopendekezwa na jopo la Profesa Raphael Munavu. Watoto hao ndio waliofanya mtihani wa kwanza wa KJSEA mwishoni mwa 2025. Hapo hakuna tena alama 400 kati ya 500. Kuna viwango vinane, kutoka kuzidi matarajio hadi kuwa chini ya matarajio, katika masomo tisa, na aliyefika juu kabisa ana pointi 72. Na mtihani wenyewe ni asilimia 60 tu ya hesabu. Asilimia 20 hutoka kwenye tathmini ya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine kwenye kazi anazofanya mtoto shuleni Gredi ya 7 na ya 8. Maana yake ni kwamba mtoto asiyefika darasani anapoteza alama mwaka mzima, si siku ya mtihani peke yake. Hata hivyo, matokeo yalipotoka Desemba, niliwasikia watu wakijitungia orodha zao kwenye simu. Kweli mazoea yana taabu.

Basi tukaenda. Tulichagua Jumanne, katikati ya asubuhi. Usiende kukagua shule siku ya wazazi, maana siku hiyo hata mbuzi wa jirani hufungwa mbali, wala usiende Ijumaa karibu na adhuhuri, watu wanapojiandaa kwa sala.

Shule ya kwanza, jina lake nitalihifadhi, ilikuwa na lango la kupendeza na maua kwenye matairi yaliyopakwa chokaa. Tulipokewa vizuri, tukaketishwa, tukaonyeshwa ubao. Ulikuwa bado unaonyesha wastani wa KCPE wa miaka iliyopita, umesafishwa ukang'aa. Mwenyeji wetu akatusomea mstari kwa mstari, kisha akatutajia wanafunzi waliokwenda Kwale High, Matuga Girls na Waa. Mwenzangu alikuwa tayari ameanza kutabasamu. Nikauliza swali nililokwenda nalo:

"Mwalimu, wale walioingia Gredi ya 7 mwaka 2023 walikuwa wangapi, na leo Gredi ya 9 wamo wangapi?"

Akanitazama. "Kwani nyinyi ni wakaguzi?"

Nikamwambia huyu ni mzazi na mimi ni jirani yake. Akasema hayo ni mambo ya ofisi, kisha akarudi kwenye ubao. Hakuwa na hasira, nadhani alishangaa tu. Pengine hakuna mzazi aliyewahi kumuuliza.

Msomaji wangu, swali hilo halihitaji shahada. Tuseme walianza watoto 90, na wamefika 60. Wale 30 wako wapi? Wengine wamehama, na huko ni kuhama kwa heri. Aliyehama kweli huacha alama, kwa kuwa shule mpya italiomba jina lake. Wasioacha alama ndio wa kuwaulizia. Hapa Kusini mwa Pwani majibu tunayajua hata kabla ya kuuliza. Wavulana wa Ukunda na Diani huonja shilingi mapema: anayebeba mizigo ya wageni, anayeuza madafu ufuoni, anayepewa pikipiki ya mjomba jioni na mwisho hairudishi hata asubuhi. Gazi na Shimoni kuna ngalawa, na bahari haiulizi cheti. Msichana ana hatari zake, na nyingi huanzia kwa mtu mzima aliyemnunulia chipsi au kumpa lifti. Huko Kinango na Samburu, mvua ikikosa, mtoto hutumwa na mifugo au kutafuta maji, na shule ambayo iko mbali tayari huzidi kuwa mbali.

Kwa hiyo mtu akiniambia shule fulani ya Diani imeipita shule fulani ya Kinango kwa pointi, mimi husema bado hajaniambia kitu. Anayepokea watoto waliokunywa chai na andazi na anayepokea watoto waliotembea saa moja na nusu bila kitu tumboni hawafanyi kazi moja. Huyo wa pili akiweza tu kuwaweka wote darasani mpaka Gredi ya 9, kwa uji wa saa nne na kwa maneno mazuri, huyo mimi namvulia kofia.

Shule ya pili ilikuwa ile ya robo saa kwa miguu. Lango lake lilikuwa la mabati, limepinda. Ukuta wa darasa moja ulikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Mwenzangu alinifinya mkono, kama kusema, "Umeona?"

Mwalimu mkuu alikuwa darasani akifundisha. Tulingoja chini ya mwembe mpaka kengele ilipolia. Nilipomuuliza swali lile lile hakujibu. Alifungua kabati, akatoa rejista ya 2023 na ya mwaka huo, akaziweka sambamba mezani, akaanza kushuka kwa kidole.

"Huyu alihama na mamake, wako Lunga Lunga. Huyu pia amehama. Huyu yuko hapo stejini na pikipiki, nimemwendea mara mbili, babake nimemwendea mara tatu. Huyu alijifungua Machi, akarudi muhula wa pili, mama yake ndiye anamlelea mtoto. Huyu ni mgonjwa, atarudi. Huyu..." Akanyamaza, akakigongesha kidole juu ya jina. "Huyu sikuwahi kumpata."

Mwenzangu akaacha kunifinya.

Hiyo ya msichana aliyejifungua akarudi si hisani ya mwalimu. Kenya imekuwa na sera ya kuwarudisha wasichana hao shuleni tangu 1994, na mwongozo wake ukaandikwa upya mwaka 2020. Ila sera iko kwenye karatasi, na msichana yuko nyumbani kajificha nyuma ya pazia, anaona haya. Mtu lazima atoke amfuate. Shule ambayo mwalimu wake ametoka kumfuata mtoto wa jirani, na wako ikitokea atafuatwa.

Nitakwambia pia kwamba rejista yaweza kudanganya. Serikali hutoa shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi, na pesa zikifuata majina, kuna watu watakaotunga majina. Mwaka huo huo wa 2025 Wizara ya Elimu iliagiza idadi ya wanafunzi ihakikiwe upya shuleni kwa sababu ya wanafunzi hewa. Dawa yake ni rahisi: pita dirishani, hesabu vichwa, kisha linganisha na rejista ya siku hiyo. Sisi tulihesabu. Kulikuwa na pengo la watoto wachache, na kila mmoja alikuwa amewekewa alama ya kutokuwepo kabla ya saa tatu asubuhi. Niliipenda alama ile kuliko ubao wote wa shule ya kwanza.

Mambo mengine tuliyaangalia haraka. Vyoo, kwa mfano. Kiwango cha serikali ni mlango mmoja kwa wasichana 25 na mmoja kwa wavulana 30, na shule nyingi za umma haziufikii. Lakini usihesabu milango tu. Ingia choo cha wasichana (omba ruhusa kwanza) uone kama komeo linafunga kwa ndani, kama pana maji, na kama pana pa kutupia sodo. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo. Waulize wasichana wenyewe, kando na walimu, mara ya mwisho walizipata lini. Msichana anayebaki nyumbani siku nne kila mwezi hupoteza zaidi ya wiki mbili kila muhula, na hakuna ubao utakaokuonyesha hilo.

Kisha omba daftari. Usiombe la mwanafunzi wa kwanza, atakaletewa mbio. Omba la mtoto aliyekaa dawati la katikati, la hisabati, na utazame tarehe. Kama mara ya mwisho mwalimu kupitisha kalamu nyekundu ni wiki tano nyuma, umeshajua. Katika shule hii ya lango lililopinda, daftari la Kiswahili lilikuwa limesahihishwa hadi jana yake, kwa maneno na si kwa vema tu. La hisabati lilikuwa na kurasa nyingi zisizoguswa.

Mwalimu mkuu hakujitetea. Alisema hana mwalimu wa hisabati wa kutosha: mmoja anabeba Gredi ya 7, 8 na 9, na anafundisha Sayansi Jumuishi pia. Hilo ndilo donda la sekondari msingi nchini kote. Shule nyingi zilianza na walimu wanagenzi waliolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mwaka 2024 wakagoma kwa wiki kadhaa, watoto wakabaki wakichora jua na nyumba. Walimu wapatao 46,000 walithibitishwa kazini na TSC mwanzoni mwa 2025, lakini pengo halikuzibika. Na si jambo dogo. Mtoto akimaliza Gredi ya 9 huchagua njia yake ya Gredi ya 10: sayansi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Asiyefundishwa hisabati huwa amekwisha kuchaguliwa njia na pengo la mwalimu.

Kwa hiyo usinielewe vibaya. Shule ile haikuwa na utakatifu wowote. Ilikuwa na kasoro kubwa, na kasoro hiyo tuliambiwa na mwenye shule kwa kinywa chake.

Jambo la mwisho tulilolifanya pale lilikuwa dogo. Mwenzangu alimwita mtoto mmoja aliyekuwa akipita, akamsalimu, akamwomba amsomee tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ofisi. Mtoto akasoma taratibu lakini bila kukwama, na alipoulizwa lina maana gani akaeleza kwa maneno yake. Usicheke. Utafiti wa Uwezo, ulioanza kutoa matokeo yake Afrika Mashariki mwaka 2010, ulituaibisha kwa kipimo hicho hicho: ulikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Nao wapimaji hawakwenda kuketi ofisini kwa mwalimu mkuu. Walipiga hodi majumbani, nyumba kwa nyumba, kwa sababu mtoto aliyeacha shule humkuti shuleni.

Nilipokuwa nikirudi Likoni nilifikiria zile shule za kulipia zinazoota kama uyoga kando ya barabara, Ukunda, Kombani, Ng'ombeni. Zipo nzuri. Zipo pia ambazo ni mabati manne na jina la Kizungu. Nazo ziulizwe swali lile lile, kwa ukali zaidi, maana huko mtoto huondoka kimya kimya siku karo inapokosekana, na jina lake hufutwa kabla ya chakula cha mchana.

Tena wazazi, tujiulize sisi wenyewe. Gazi, watu wanaotunza mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni na kukata sehemu ya fedha hizo kwa ajili ya maji na shule. Hawakungoja zile 15,042, ambazo hugawanywa kwa mihula mitatu na mara nyingi huchelewa. Ni wazazi wangapi wa Ukunda walihudhuria mkutano wa mwisho wa wazazi? Niliona daftari la mahudhurio ya mkutano huo pia. Sitakuambia idadi, nisije nikaaibisha watu wanaonipikia nikienda kuwatembelea.

Mwenzangu alikaa na jambo hilo wiki nzima. Mumewe alitaka ya kulipia. Bibi mtu alishatandika kitanda Mombasa. Mwishowe walimwandikisha binti kwenye shule ya lango lililopinda, na ile pesa ambayo wangekopa hawakuikopa. Wamemtafutia mwanafunzi wa chuo anayemfundisha hisabati Jumamosi asubuhi, yeye na watoto watatu wa majirani, kwa kuchangiana, na alasiri anakwenda madrasa kama kawaida.

Alinipigia simu muhula wa kwanza ulipokuwa katikati. Nilijua atalalamika, na alilalamika. "Dada, mwalimu wa pili wa hisabati bado hajaletwa. Na ule ufa umeongezeka."

Nikamwuliza kama anajuta.

"Ngoja nikwambie. Juzi binti alishikwa na homa, nikamlaza, nikaondoka kwenda kibaruani bila kumwarifu mtu. Saa nne kasorobo simu ikalia. Nikadhani ni wale wa mikopo." Akacheka. "Kumbe ni mwalimu wake wa darasa. Auliza, mama fulani, mtoto wetu yuko wapi?"